Paa kabla ya mvua: mwongozo wa kuchangisha kanisani Lubumbashi, kuanzia Pasaka hadi Pentekoste

Anayetaka kanisa lake liezekwe kabla mvua ya Novemba haijarudi, aanze kuchangisha Pasaka. Ukingoja Agosti umechelewa. Septemba watoto wanarudi shuleni, na hakuna mzazi wa Katuba wala wa Kenya, vitongoji vya hapa Lubumbashi, atakayekusikiliza habari za mabati wakati bado anatafuta madaftari na viatu. Oktoba joto linachoma, mafundi wazuri wameshachukuliwa na wengine, na kila mtu mjini anakumbuka siku hiyohiyo kwamba paa lake linavuja.

Kule Ulaya Pasaka inakuja na majani mapya baada ya baridi. Kwetu inakuja mvua ikiaga. Karanga zinang'olewa, mahindi yanakauka shambani, barabara za udongo zinapitika tena, na mbele kuna kiangazi kizima cha kufyatua matofali na kupanda juu ya kuta bila hofu ya kulowa. Chakula kipo nyumbani, na mwenye chakula mkono wake ni mwepesi. Tena Pentekoste ilikuwa sikukuu ya mavuno tangu zamani za Waisraeli: Torati inaagiza kuhesabu majuma saba tangu mundu unapoanza kukata mazao (Kumbukumbu la Torati 16:9). Majuma hayo saba ndiyo muda wa kazi yetu. Mwaka 2026 Pasaka ni Aprili 5 na Pentekoste Mei 24. Mwaka 2027 ni Machi 28 na Mei 16.

Nauandika mwongozo huu kwa ajili ya kanisa la kawaida la mtaani: watu mia mbili au mia tatu siku ya Jumapili, kuta zimesimama, juu kuna turubai au mabati ya zamani yenye matundu, na hakuna mfadhili wa ng'ambo. Kama mfadhili yupo, someni tu, maana naye atawauliza haya haya, na pengine kwa ukali zaidi.

Tenganisha mikono kabla ya kutaja pesa

Kabla kamati haijachaguliwa, someni pamoja 2 Wafalme 12:4-15. Mfalme Yoashi aliwaagiza makuhani wapokee fedha za watu na kutengeneza mabomoko ya nyumba ya Bwana. Mwaka wa 23 wa utawala wake ukafika, mabomoko yako palepale. Akawaondolea kazi hiyo. Kuhani Yehoyada akachukua sanduku, akatoboa tundu kwenye kifuniko chake, akaliweka karibu na madhabahu. Fedha zikijaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walihesabu pamoja, wakazifunga mifukoni, wakawapa wasimamizi, nao wakawalipa maseremala na waashi. Angalia jinsi kazi ilivyogawanywa: anayepokea, anayehesabu na anayelipa mafundi si mtu mmoja.

Kwa kanisa letu, watu saba wanatosha. Mwenyekiti awe mzee wa kanisa anayeheshimika, si lazima awe tajiri. Mweka hazina mmoja, na mwandishi ambaye si ndugu wa mweka hazina. Mama mmoja kutoka kundi la akina mama; kwa Wamethodisti huyo ni wa Mama Kipendano, na shughuli iliyopangwa bila kuwauliza Mama Kipendano haifiki popote, afadhali mlijue hilo mapema. Kijana mmoja mwenye simu nzuri na maneno machache. Fundi mmoja anayejua ujenzi kwa mikono yake. Wa saba awe mtu anayependa kuuliza maswali, yule ambaye katika kila kikao wengine wanamwona msumbufu. Huyo mumpe kazi ya kukagua daftari kila juma.

Baba mchungaji, au padri, asimamie kwa kubariki, kuhamasisha na kusikiliza. Ufunguo wa sanduku asikae nao. Najua kuna mahali neno hili litaleta kikao kirefu, lakini linamkinga yeye kwanza. Mtume Paulo mwenyewe, aliposimamia mchango wa makanisa, alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine waliochaguliwa, ili asiwepo wa kumlaumu kwa habari ya fedha zile (2 Wakorintho 8:18-21).

Pima paa, usipime ndoto

Kosa la kwanza la makanisa mengi ni kutangaza tarakimu ya dola elfu kadhaa ambayo hakuna anayejua imetoka wapi. Watu wanaisikia, wanatikisa kichwa, wanaimba, wanarudi nyumbani. Tarakimu kubwa haina mwenyewe. Bati moja linaye.

Kwa hiyo fundi apande na mita. Tuchukue mfano: jengo lina urefu wa mita 20, na paa lina pande mbili, kila upande una mteremko wa mita 5 na nusu. Bati la mita 3, likishapishana na mwenzake ubavuni, linafunika upana wa takriban sentimita 75. Mita 20 zinahitaji safu 27. Kila safu inachukua mabati mawili, moja juu ya jingine, yakipishana sentimita 20; hapo unapata mita 5 na sentimita 80, na zinazobaki zinatoka nje ya ukuta ili maji yasirudi ndani. Mabati 54 upande mmoja, 108 pande zote mbili. Ongeza manne ya akiba kwa yatakayokunjwa au kukatwa vibaya. Jumla 112.

Sasa mna kitu cha kusema. Si "tunahitaji pesa nyingi", ni "tunahitaji mabati 112". Fanyeni vivyo hivyo kwa mbao, misumari ya paa, bati la kufunika mgongo wa paa, usafiri na malipo ya mafundi. Gawanyeni kila kitu mpaka kifikie kipande ambacho mtu mmoja anaweza kukibeba: yupo atakayenunua bati, yupo atakayenunua kilo moja ya misumari, na yupo mama atakayesema atawapikia mafundi siku mbili.

Bei sitaiandika, maana dola ikitikisika madukani kila kitu kinatikisika. Nendeni maduka matatu, mwombe profoma, yaani hati ya bei kabla ya kununua, iliyoandikwa, yenye tarehe na siku ngapi bei hiyo itasimama. Jambo moja mlikazie macho: namba ya unene. Bati la namba 28 ni nene kuliko la namba 32, ingawa yakilala dukani yanafanana na muuzaji anayaita yote "mazuri". Profoma isiyotaja namba irudisheni. Na mbao zisipopakwa dawa au mafuta machafu ya gari kabla ya kupandishwa, mchwa wa Katanga watazila wakati waumini bado wanalipa madeni ya paa.

Majuma saba

Jumapili ya Pasaka msiombe pesa. Kanisa limejaa, wageni wapo, watoto wana nguo mpya, na kila mfuko umeshatobolewa na sikukuu. Siku hiyo onyesheni tu ubao. Chukueni ubao mkubwa, chorani paa lenyewe, lenye visanduku 112, vyote vitupu. Uwekeni mlangoni ambapo kila anayetoka lazima auone. Mzee wa kanisa aseme dakika tatu, asizidishe.

Juma la pili ni la kutembelea nyumba. Juma la tatu, bahasha na ahadi. Mwishoni mwa Aprili wafanyakazi wanapokea mshahara, kwa hiyo Jumapili ya kwanza ya Mei ndiyo ya matoleo makubwa ya pesa taslimu. Kwa mwaka 2026 ni Mei 3. Hapa wengi hukosea: wanapanga siku kubwa tarehe 20 au 22, wakati hata mwenye kazi nzuri kampuni ya madini amebakiwa na nauli. Wachuuzi wa sokoni hawana tarehe ya mshahara. Kwao afadhali mchango mdogo wa kila juma kuliko kupigwa mara moja. Paulo aliwaagiza Wakorintho hivyo hivyo, kila mtu aweke akiba kwake siku ya kwanza ya juma kwa kadiri ya kufanikiwa kwake (1 Wakorintho 16:2).

Kermesi, yaani sikukuu ya kuuza vyakula na michezo uani pa kanisa, ifanyike Jumamosi moja kabla ya Pentekoste. Kufikia katikati ya Mei mvua imeshakoma, hamhitaji hema la mvua, mnahitaji kivuli tu. Kabla ya kutangaza tarehe, angalieni mambo mawili: majirani wa makanisa mengine wamepanga nini, na timu ya mpira ya TP Mazembe inacheza lini uwanjani Kamalondo. Msicheke. Nusu ya wababa na karibu vijana wote watakosekana, na waliobaki watakuwa na redio sikioni.

Siku ya Pentekoste yenyewe ndiyo mavuno.

Namna ya kuingia nyumbani kwa mtu

Nendeni wawili, mwanamume na mwanamke, ikiwezekana mmoja wao awe wa avenyu hiyohiyo. Msiende saa ya chakula. Mwenye nyumba atalazimika kuwakaribisha bukari (ugali) ambayo pengine haikupikwa kwa hesabu yenu. Anzeni kwa habari za nyumba: mgonjwa yupo, mtoto amefaulu, kazi inakwendaje. Ombeni pamoja. Ndipo mtaje paa, mara moja tu, bila kuzunguka.

"Mama, kanisa tumelipima. Ni mabati mia moja na kumi na mawili. Jamaa yenu mnaona mtaweza nini?"

Halafu mnyamaze. Ukimya huo unawashinda wengi, wanaanza kupendekeza tarakimu wenyewe, na hapo mazungumzo yameharibika. Mwacheni mama afikiri. Mara nyingi jibu linakuja hivi: "Mwanangu, pesa sina. Lakini niko na mahindi." Mwandishi aandike: mahindi, meka (kipimo cha sokoni) ngapi, yatakuwa tayari lini, nani atakuja kuyabeba. Hilo ni jibu kamili. Msilipokee kana kwamba amekosa.

Mjane na mgonjwa msiwaruke. Kuna kamati zinazopita mlango wa mjane kwa huruma, yeye anausikia mguu ukipita, anajua hakuhesabiwa. Ingieni, mwombeni kitu anachoweza: maji ya salongo (kazi ya pamoja ya kujitolea), kushona vitambaa vya meza, au sala ya Jumatano kwa ajili ya mafundi. Na mtu akisema hapana, mshukuruni, mwondoke mkiwa mnatabasamu kweli.

Walio mbali, watoto wetu walioko Kolwezi, Likasi, Kipushi, na waliovuka kwenda Zambia, Afrika Kusini au Ubelgiji, wapigiwe simu na mtu anayewajua, si kutumiwa ujumbe mmoja uliosambazwa kwa wote. Watumieni picha ya ubao, visanduku vitupu vikionekana.

Kusoma majina au kutosoma

Hapa nitasema wazi, najua nitapingwa. Desturi ya kusimama na maikrofoni na kutangaza "Baba fulani dola mia, Mama fulani franka elfu mbili" inaleta pesa haraka mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili inaleta viti vitupu siku hiyo. Aliyetoa elfu mbili amesikia watu wakikohoa. Aliyetaja mia kwa ajili ya makofi hajalipa mpaka leo, na hakuna mwenye moyo wa kumdai.

Someni kiasi cha kundi, si cha mtu. Jumuiya ya avenyu hii mabati tisa, kwaya mabati manne, vijana mabati sita. Mashindano kati ya makundi yana raha yake, watu wanacheka, wanacheza, wanarudi mara ya pili kwenye kikapu ili kundi lao lisishindwe. Mara nyingi waliozaliwa Januari wakishindana na waliozaliwa Februari hata watoto wanavunja vibweta vyao. Kila mtu apewe risiti yake mkononi, yenye kiasi kamili. Hapo haki yake imekamilika bila kuanikwa.

Walezi wa shughuli, baba na mama wanaoalikwa kwa heshima siku ya mavuno, ni jambo jema, lakini waambiwe mapema wanatazamiwa nini. Na kama mlezi ni mwanasiasa, kamati ikubaliane kwanza: hatapewa maikrofoni zaidi ya salamu, na bango lake halitaingia uani. Akikataa masharti, mmeokoa amani ya kanisa.

Jumamosi ya kermesi

Akina mama wanajua kupika kuliko mwongozo wowote, kwa hiyo huko sitaingia sana. Bukari na samaki, sombe (majani ya muhogo), kuku wa kuchoma, ndakala (dagaa) waliokaangwa, vitumbua, chikanda ya viazi-pori na karanga iliyokatwa vipande, na kinywaji cha munkoyo baridi. Ninachosisitiza ni hesabu ya kabla. Kila mpishi aandike alichonunua kwa pesa na alichopewa bure, hata makala, yaani mkaa. Makala ndiyo inayosahauliwa kila mara, na makala ndiyo inayokula faida. Sahani ikiuzwa bila kuhesabu makala, mafuta na nauli ya sokoni, mtashangilia jioni huku mmeuza kwa hasara.

Wapishi wasishike pesa. Hili nalikazia kuliko mengine yote ya siku hiyo. Wekeni meza moja ya tiketi karibu na lango, watu wawili wameketi, mmoja anapokea pesa, mwingine anakata tiketi za franka 500, 1,000 na 2,000, kila thamani na rangi yake. Kwenye vyakula, tiketi tu ndiyo inayonunua. Mama anayesonga bukari hana mkono wa kurudisha chenji, na noti yenye mafuta ya samaki inapotea ndani ya kitenge bila mtu kuwa na nia mbaya. Jioni kila meza inarudisha tiketi zake, zinahesabiwa, zinalinganishwa na pesa za langoni. Zikitofautiana, tofauti ni ndogo na inajulikana imetoka wapi. Na andaeni noti ndogo tangu Ijumaa, za 500 na 1,000, maana wageni wote watakuja na noti ya 20,000.

Mpira wa vijana na wababa upigwe asubuhi, kabla ya jua kali. Kwaya ziimbe mchana, na kila kwaya iambiwe nyimbo tatu. Vijana wanaweza kuosha magari na pikipiki barabarani mbele ya kanisa. Kwa kiangazi na vumbi lake, wateja hawakosekani. Chifu wa kartye (mtaa) na ofisi ya komini (manispaa) wapewe barua siku kadhaa kabla, na sauti izimwe kabla ya giza. Majirani wasio wa kanisa letu, Waislamu na wa makanisa mengine, waalikwe kwa mdomo, mlango kwa mlango. Wanakula, wanalipa, na kesho yake hawatalalamika kuhusu kelele.

Jenereta iwe imejaribiwa Ijumaa. Umeme utakatika, hilo mlipange kama mnavyopanga viti.

Mavuno ya vitu na mnada

Siku ya Pentekoste watu wanaingia wakicheza na walichonacho kichwani: mahindi, karanga, viazi vitamu, mkungu wa ndizi, kuku aliyefungwa miguu, sabuni, gunia la makala. Wekeni watu wanne pembeni ya madhabahu wenye daftari, wapime na kuandika kila kitu kinapoingia, si baada ya ibada. Baada ya ibada kuku wawili huwa wamekuwa mmoja.

Vinavyooza viuzwe siku hiyohiyo kwa mnada. Mnada wa kawaida unampa tajiri kila kitu. Jaribuni ule wa kuongeza: anayenadi anainua mkungu wa ndizi. Wa kwanza anaweka franka 2,000 kwenye kikapu. Wa pili anaongeza 1,000, wa tatu anaweka 3,000. Kila mmoja analipa kile tu alichoongeza, papo hapo, hakirudi. Kengele ikigongwa, wa mwisho kuongeza ndiye anayechukua ndizi. Kikapu kina 6,000, naye ametoa 3,000. Mtoto mwenye franka 500 anaweza kushinda kama kengele itagongwa kwa bahati yake, na hapo ndipo uwanja unalipuka. Anayegonga kengele asiangalie watu. Afungwe kitambaa machoni.

Mahindi yana swali lake. Mei bei iko chini kwa sababu kila mtu ameyavuna. Ukiyaweka mpaka Desemba au Januari yanapata bei nzuri zaidi, lakini paa linahitaji pesa sasa, na wadudu hawasubiri. Mimi ningeuza karibu yote. Kanisa lenye chumba kikavu, sakafu ya saruji na vibao vya kuinua magunia kutoka chini linaweza kuweka sehemu ndogo kwa ajili ya maskini wa miezi ya njaa. Lisilo na chumba hicho lisijidanganye.

Pesa zenyewe

Andikeni safu mbili, franka na dola, msizichanganye daftarini. Aliyetoa dola aandikiwe dola, aliyetoa franka aandikiwe franka. Mkibadilisha, andikeni tarehe, kiwango, na jina la aliyekwenda kubadilisha pamoja na shahidi wake. Wanaopokea pesa wafundishwe kuangalia noti za dola: yenye mpasuko hata mdogo ukingoni itakataliwa dukani, na noti za dola moja moja wengi hawazitaki. Mrudishieni mtoaji palepale kwa upole, abadilishe.

Kwa pesa za simu, Airtel Money, M-Pesa au Orange Money, tafuteni laini mpya ya kazi hii peke yake. Simu ikae na mwandishi, namba ya siri ijulikane na mweka hazina. Gharama za kutoa pesa ziandikwe kama matumizi, vinginevyo mwisho wa mwezi daftari na simu vitabishana.

Baada ya kila ibada, watu watatu wa jamaa tofauti wahesabu mezani, mlango ukiwa wazi. Noti zipangwe kwa thamani, idadi ya kila thamani iandikwe, watatu watie sahihi. Fanyeni kabla ya giza. Hakuna pesa inayolala nyumbani kwa mtu, hata kwa mchungaji. Jumatatu asubuhi wawili waende benki, wasiende kwa njia ileile kila juma. Bora zaidi, pesa za mabati kumi zikitimia, lipeni mabati kumi dukani, mpate fakture (ankara).

Jumapili inayofuata, kabla ya mahubiri, kijana apake rangi visanduku vya mabati yaliyolipwa. Si yaliyoahidiwa. Mwandishi asome kilichoingia na kilichotoka, hata kama kilichotoka ni sabuni ya kuoshea sahani. Kama juma limekuwa baya, asome vilevile. Kanisa linalosikia "juma hili mabati mawili tu" linajua kwamba juma lililopita liliposikia kumi, yalikuwa kumi kweli.

Kiangazi: kununua na kujenga

Juni ni mwezi wa salongo. Jumamosi asubuhi, vijana wabebe mchanga na mawe, wababa washushe mabati ya zamani, akina mama wasimamie maji na chakula. Kama ukuta bado unahitaji matofali, udongo wa kichuguu uko karibu kila mahali pembezoni mwa mji na unatoa tofali imara likichomwa vizuri. Lakini mwombeni mwenye kiwanja kwa maandishi kabla ya kuchimba, na tanuri liwashwe mbali na nyumba za watu.

Mzigo wa mabati upokelewe na watu watatu. Fundi apime unene, mwandishi ahesabu moja moja, msumbufu wenu aangalie namba kwenye fakture. Gari lisiondoke kabla hawajamaliza, hata dereva akipiga honi namna gani. Mabati yalale juu ya mbao, yafunikwe, na mlinzi wa usiku alipwe. Mlinzi wa kujitolea analala.

Mafundi walipwe kwa hatua: sehemu mbao zikisimama, sehemu mabati yakiisha kupigiliwa, na ya mwisho baada ya kamati kupanda na kuangalia misumari. Kila msumari uwe na mpira wake chini ya kichwa na upigwe kwenye mgongo wa bati, si kwenye bonde lake ambamo maji hupita. Kingo za paa zipigiliwe karibu karibu kuliko katikati, kwa sababu upepo wa mvua za kwanza unaingilia pembeni. Kazi iwe imekwisha Agosti. Septemba ni ya watoto na shule.

Hesabu ya mwisho isomwe siku ya kuweka wakfu, nakala ibandikwe chini ya ubao, na nyingine itumwe kwa picha kwa wale wa Kolwezi na Ubelgiji pamoja na picha ya paa. Yale mabati manne ya akiba, yakibaki, yasigawiwe wala kukopeshwa. Yaandikwe kwenye daftari la mali, yawekwe chumba cha nyuma pamoja na misumari iliyobaki, na ufunguo akae nao yule msumbufu.